Dhamiri na Karatasi ya Kura

Mwaka 1995, taifa letu liliporejea katika uchaguzi wa vyama vingi, tulikuwa miongoni mwa watumishi wa serikali waliopangwa kusimamia kituo kimoja cha kupigia kura. Kituo chenyewe kilikuwa darasa la shule ya msingi. Ubaoni zilibaki hesabu za sehemu ambazo hakuna aliyekumbuka kuzifuta. Usiku, kwa mwanga wa karabai, tulimimina karatasi juu ya meza ya mwalimu tukaanza kuzihesabu. Kila karatasi ilikuwa na alama moja, na alama zote zilifanana. Hapo likatujia jambo ambalo hatukuliwaza mchana kutwa. Huyu alitia alama yake kwa mapenzi, yule kwa hasira, wa tatu kwa kuwa mjomba wake alimwamuru, wa nne kwa kuwa alichoka kusimama juani akataka kurudi nyumbani. Lakini sisi makarani hatukuwa na safu ya mapenzi wala safu ya hasira katika fomu zetu. Tulikuwa na safu ya jina tu. Karatasi moja ilikuwa imeandikwa malalamiko marefu kuhusu kisima cha kijiji. Maneno yake yalikuwa ya kweli, nasi tuliyasoma mara mbili. Kisha, kwa mujibu wa kanuni, tukaiweka katika fungu la kura zilizoharibika.

Tangu usiku ule swali moja limekuwa likitusumbua. Mtu mwenye jambo linalomkereketa moyoni, tuseme anachukia vita, afanye nini anapokabidhiwa karatasi isiyo na nafasi ya maneno? Na afanye nini ikiwa mgombea pekee asemaye lile alitakalo ni mtu asiye wa kawaida, ambaye wenye busara wote wa mji wanamwambia kuwa hawezi kushinda?

Twapenda kulitazama swali hili mahali lilipopata kuulizwa kwa uzito mkubwa, nako ni katika jimbo dogo la New Hampshire, nchini Marekani, mwezi Machi mwaka 1968. Msomaji anaweza kushangaa kwamba katika kitabu cha utamaduni wetu twamchukua mbali kiasi hicho. Hatuendi kutafuta wa kumwiga. Twaenda kwa sababu uchaguzi ule ulikuwa wa ndani ya chama, na uchaguzi wa ndani ya chama tunaufahamu vema. Mwaka 1965 wananchi wetu waliwekewa wagombea wawili wa TANU katika sehemu nyingi za uchaguzi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, wakaangusha hata mawaziri, wala hakuna aliyesema kuwa wameiasi nchi. Kura za maoni za siku hizi ni za ukoo huo huo. Wamarekani nao, kabla ya uchaguzi mkuu wa Novemba, hupiga kura za awali jimbo kwa jimbo ili kuonyesha ni nani wamtakaye apeperushe bendera ya chama chao. Na kwa desturi New Hampshire ilikuwa ya kwanza, kwa hiyo sauti yake ilisikika mbali kupita ukubwa wake.

Tumfikirie basi mpiga kura mmoja. Hatumjui; tumemuumba kwa ajili ya mazungumzo haya. Tumfanye mama mwalimu katika mji wa Manchester, mwanachama wa siku nyingi wa chama cha Democratic, mwenye mtoto wa kiume wa miaka 19. Kijana huyo aweza kuitwa jeshini wakati wowote na kupelekwa Vietnam, ambako mwanzoni mwa mwaka 1968 walikuwako askari wa Kimarekani karibu 500,000. Lakini kijana mwenyewe hana kura, kwa maana umri wa kupiga kura siku zile ulikuwa miaka 21, na haukuteremshwa hadi 18 kwa nchi nzima mpaka mwaka 1971. Aweza kufa kwa ajili ya serikali ambayo hana idhini ya kuichagua. Hivyo mama anapokwenda kituoni huenda na kura moja inayobeba watu wawili.

Mbele yake yupo Rais Lyndon Johnson, mtu wa chama chake, aliyetia sahihi sheria za mwaka 1964 na 1965 za kuwapatia watu weusi haki zao za uraia na za kupiga kura. Mama huyu, kama alikuwa mtu wa insafu, hakuweza kumchukia kwa yote. Lakini ndiye aliyeipanua vita. Tarehe 30 Novemba 1967 akajitokeza mtu wa pili, Seneta Eugene McCarthy wa Minnesota, akitangaza kuwa atapambana na Rais wa chama chake mwenyewe kwa sababu ya vita hiyo.

Naye alikuwa mgombea wa ajabu. Aliwahi kuishi katika monasteri ya Wabenediktini akijiandaa kuwa mtawa, akatoka, akafundisha, akaingia Bungeni mwaka 1948 na katika Seneti mwaka 1958. Alikuwa mshairi, na katika kampeni alifuatana na mshairi mwenzake mashuhuri, Robert Lowell. Hakupaza sauti jukwaani. Alisema yuko tayari kuwa rais, wala hakusema kuwa anautamani urais, na wengi walimwona mvivu kwa ajili hiyo. Kwetu sisi mshairi katika siasa si kioja: Sheikh Amri Abedi alikuwa Meya wa Dar es Salaam na kisha Waziri, na Saadani Kandoro alikuwa miongoni mwa walioiasisi TANU mwaka 1954, na hakuna aliyewauliza kama vina na mizani vitawazuia kusoma bajeti. Lakini katika nchi ya McCarthy jambo hilo lilitiliwa shaka. Tunakiri kuwa twampendelea kidogo kwa ushairi wake, na msomaji atuwie radhi, apunguze kwa kadiri aonavyo.

Ila alikuwa na doa ambalo mama mwalimu hakuweza kujifanya halioni. Mwezi Agosti mwaka 1964 Baraza la Seneti lilipitisha azimio lililompa Rais uwezo mkubwa wa kutumia majeshi katika Vietnam. Waliolipinga walikuwa wawili tu, Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. McCarthy aliliunga mkono pamoja na wenzake. Basi mpinga vita anayemfuata McCarthy anamfuata mtu aliyesaidia kuufungua mlango ambao sasa anataka ufungwe.

Hapa ndipo wengi hukwama. Humtaka mgombea aliye safi tangu tumbo la mama yake, na wasipompata hurudi nyumbani wakinung'unika. Wahenga walikwisha sema kuwa mchagua nazi hupata koroma. Sisi twaona doa lile lisingefaa kumzuia mama yule, nasi tuna sababu. Aliyekosea na akatubu hadharani, tena kwa kuhatarisha cheo chake, amesema kwa kitendo kwamba inawezekana kurudi nyuma. Katika vita ile ugumu wa wakubwa ulikuwa huo hasa, yaani kukiri kwamba njia waliyoishika siyo. Wapo watakaosema kwamba Morse na Gruening walistahili zaidi. Ni kweli walistahili, lakini hawakuwamo katika karatasi.

Swali gumu zaidi lilikuwa lile la kushinda. Majirani wa mama mwalimu wangemwambia: huyu hawezi, utamdhoofisha Rais wetu, na mwezi Novemba atakuja Nixon wa Republican, ambaye ni mbaya zaidi. Wangemwambia kwa maneno yao kile tunachosema sisi kwa methali, kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Methali hii tumelelewa nayo, na hatuna nia ya kuidharau. Imeokoa nyumba nyingi. Lakini ina masharti yake, nayo ni kwamba shari zote mbili ziwe zimekwisha kufika mlangoni na mlango wa tatu usiwepo. Mtu anayeikimbilia methali hii asubuhi, wakati jua lingali linapanda na wazee hawajaketi barazani kuamua, huyo anajinyima njia ambazo bado ziko wazi. Uchaguzi wa ndani ya chama ni asubuhi. Humo ndimo mwanachama anaposema chama chake kiwe nini. Kama hata humo anasema lile tu analodhani wengine watalikubali, basi halitasemwa popote, na jioni itakapofika atakuta shari mbili, akasahau kuwa mwenyewe alisaidia kuzipunguza njia zikabaki hizo.

Upande wa Rais ulifanya mambo mawili yanayostahili kukumbukwa. Kwanza, ulitoa matangazo ya kuwaambia wananchi kwamba Wakomunisti wa Vietnam wanautazama uchaguzi wa New Hampshire, maana yake ni kuwa kumpa McCarthy kura ni kumfurahisha adui. Pili, uligawa kadi zenye nambari na sehemu tatu. Mwanachama alitakiwa kutia sahihi ya kuahidi kumuunga mkono Johnson. Sehemu moja abaki nayo, moja iende kwa chama, na moja ipelekwe Ikulu. Watu wa jimbo lile walichukizwa, wakiona kwamba siri ya kura yao inachunguliwa. Twamwona mama mwalimu akiigeuzageuza kadi ile mezani. Mtu anayeombwa kutia sahihi kabla ya kupiga kura ameambiwa kwamba dhamiri yake haiaminiki, na pengine hapo ndipo alipoanza kujiamini.

Vijana nao walikuja kwa maelfu kutoka vyuoni, wengi wao wakiwa hawajafika umri wa kupiga kura. Walinyoa ndevu, wakakata nywele, wakavaa nadhifu, ili wazee wa mahali pale wawasikilize wanapobisha hodi. Sisi tuliolelewa kuvua viatu mlangoni tunaielewa adabu hii. Hawakuyabadili mawazo yao. Walibadili mavazi kwa heshima ya mwenye nyumba.

Mwishoni mwa Januari majeshi ya upande wa Kaskazini na wapiganaji wa Kusini yalikuwa yameishambulia miji mingi ya Vietnam ya Kusini kwa wakati mmoja, siku ambazo watu walikuwa wakisherehekea mwaka mpya wa Tet. Walirudishwa nyuma kwa hasara kubwa, lakini Wamarekani waliokuwa wameambiwa kuwa ushindi umekaribia waliona kwa macho yao kuwa haujakaribia. Tarehe 10 Machi gazeti moja kubwa la New York likafichua kwamba majenerali wanaomba askari wengine 206,000. Siku mbili baadaye, tarehe 12, New Hampshire ikapiga kura.

McCarthy alipata asilimia 42. Johnson, ambaye jina lake halikuchapwa katika karatasi na ilibidi wafuasi wake waliandike kwa mkono, alipata kama 49. Zilipojumlishwa na kura ambazo wanachama wa Republican waliandika majina yao, tofauti baina yao ilikuwa kura 230. Tena McCarthy alichukua wajumbe 20 kati ya 24 wa mkutano mkuu, kwa kuwa watu wake walisimamisha wagombea ujumbe 24 tu, nao wa Johnson wakajisimamisha wengi kupita nafasi wakagawana kura. Siku nne baadaye Robert Kennedy, ambaye hapo kabla aliombwa agombee akakataa, aliingia katika kinyang'anyiro. Tarehe 31 Machi Johnson alitangaza kupunguza mashambulizi ya mabomu huko Kaskazini, na kwamba yeye hatagombea tena. Mwezi Mei mazungumzo ya amani yakaanza Paris.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya kuwasimulia watoto darasani. Lakini yupo mdudu ndani ya embe, naye ndiye aliyetufanya tuiandike makala hii. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan waliochunguza uchaguzi ule waligundua kwamba katika waliompa McCarthy kura kule New Hampshire, wale waliomkasirikia Johnson kwa kuwa hapigani kwa ukali wa kutosha waliwazidi wale waliotaka vita ikome, kwa uwiano unaokaribia watatu kwa wawili. Wamarekani waliwaita wa namna ile mwewe, na hawa wa amani njiwa. Basi mwewe na njiwa walitua juu ya tawi moja, na karani aliyehesabu aliona manyoya tu.

Je, mama mwalimu alidanganyika? Kura yake ya amani iliwekwa katika fungu moja na kura ya jirani aliyetaka mabomu yaongezwe. Mwanzoni tuliposoma habari hii tulihuzunika, tukakumbuka meza yetu ya mwaka 1995. Baadaye, kwa kuwaza zaidi, tuliliona jambo kwa namna nyingine. Fungu lile lilisomwa vipi? Magazeti yalilisoma kuwa ni kilio cha amani. Kennedy alilisoma hivyo. Hatuwezi kuingia moyoni mwa Johnson, lakini alilolitenda mwezi ule lilielekea upande huo. Hasira ya mwewe ilihesabiwa kuwa ni matakwa ya njiwa, kwa sababu mtu aliyesimama mbele yao alikuwa amesema waziwazi anasimamia nini. Karatasi haina maneno. Mgombea ndiye maneno yake. Mwenye kutaka amani na akamchagua mtu asemaye amani, hata mtu huyo awe mpole kupita kiasi, mtunga mashairi, mwenye doa la mwaka 1964, amepata ulimi. Na aliyemchagua kwa hasira tu ameuazima ulimi ule bila kujua utasema nini.

Yaliyofuata tutayapitia haraka, kwa maana ni machungu na yanajulikana. Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili. Kennedy alipigwa risasi usiku ule ule aliposhinda California, akafariki tarehe 6 Juni. Mwezi Agosti, katika mkutano mkuu wa Chicago, azimio la amani lilishindwa, polisi wakawapiga waandamanaji barabarani, na chama kikamteua Makamu wa Rais Hubert Humphrey, ambaye hakusimama katika kura ya awali hata moja. Mwanachama aliyeamka asubuhi kusema la moyoni aliambiwa jioni kwamba wazee walikwisha kuamua bila yeye.

Sasa ndiyo jioni. Karatasi ya Novemba ina Humphrey, ina Nixon, na ina George Wallace, mtetezi wa ubaguzi wa rangi. Methali yetu imerudi, na safari hii masharti yake yametimia. Wengi waliompenda McCarthy waliapa kukaa nyumbani. Twaijua hoja yao, nayo si ya kipuuzi: kumpa Humphrey kura ni kuuambia uongozi wa chama kuwa waweza kuwapiga watu Chicago na bado ukawapata Novemba. Kura ile ingesomwa kama shukrani, na mama mwalimu hakuwa na shukrani ya kutoa.

Hata hivyo sisi tunatofautiana nao. Kama karatasi ya Machi ilikuwa na thamani kwa sababu ilipata ulimi, kukaa nyumbani hakuna ulimi wowote. Aliyesusa kwa uchungu wa vita na aliyebaki kitandani kwa uvivu hawatenganishwi na karani yeyote duniani. Ni mwenzake yule mtu wa kisima: alikuwa na la haki la kusema, akalisema mahali ambapo kanuni haziruhusu lisikiwe. Tena tarehe 30 Septemba, katika hotuba yake ya Salt Lake City, Humphrey alikuwa amejitenga kidogo na Rais wake, akisema yuko tayari kusimamisha mabomu huko Kaskazini. Yalikuwa maneno machache, tena ya kuchelewa, lakini yalikuwa maneno. Nixon alishinda kwa tofauti ya kura takriban 500,000 katika kura zaidi ya milioni 73. Vita iliendelea, na katika Wamarekani zaidi ya 58,000 waliokufa, zaidi ya 20,000 walikufa baada ya yeye kuapishwa. Wavietnam waliokufa katika miaka ile walikuwa wengi mno kupita hao. Hakuna awezaye kuapa kwamba Humphrey angeimaliza upesi, na sisi hatuapi. Twasema tu kwamba aliyejiweka kando ili mikono yake ibaki safi alikuwa akiitunza mikono, na vita ilikuwa kwingine.

Jambo moja linatuzuia kulisema hili kwa sauti kubwa mno. Jimbo la New Hampshire lenyewe lilimpa Nixon ushindi ulio wazi, na kwa utaratibu wao wajumbe wote wanne wa jimbo wakamwendea yeye. Kura ya mama mwalimu mwezi Novemba isingebadili kitu. Mwezi Machi aliambiwa kuwa mtu wake hawezi kushinda, naye akakaribia kushinda. Mwezi Novemba angempigia mtu aliyeweza kushinda, na jimbo lake likapotea. Wale majirani wenye hesabu zao walikosea mara ya kwanza na wakapatia mara ya pili, wala hawakuwa na elimu zaidi safari moja kuliko nyingine. Walimu watakaoisoma makala hii pamoja na wanafunzi wao wasiogope kuliacha jambo hili likae darasani bila jibu kwa muda.

McCarthy mwenyewe alinyamaza tangu Agosti. Tarehe 29 Oktoba ndipo alipotangaza kwamba atampigia Humphrey kura, akasema kwa ubaridi, kama mtu anayelipa deni la mtu mwingine. Uchaguzi ulikuwa tarehe 5 Novemba. Mama mwalimu alibakiwa na siku saba za kufikiri, na mtoto wake alikuwa bado hajafikisha miaka 21.